Komplementi Ikishuka: Kwa Nini Si Sawa na Kukosa Kinga

Hapa Tanga, kama kwingineko nchini, elimu ya UKIMWI ilipoenea iliacha kauli moja ambayo haijatoka vinywani mwa watu: kinga imeshuka. Kauli hiyo ilikuwa na maana yake mahali pake, lakini sasa hutumiwa kwa kila jambo linalohusu kinga ya mwili, na hapo ndipo inapoumiza. Mwanamke mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga huushambulia mwili wenyewe, anaweza kurudi nyumbani kwake Ngamiani au Chumbageni na karatasi ya maabara iliyoandikwa kwamba C3 na C4 zake, protini mbili za lile kundi la kinga katika damu liitwalo komplementi, ziko chini, na kabla ya magharibi jamaa wameshaafikiana kwamba hana kinga. Mmoja atamhimiza akapime tena virusi vya UKIMWI, mwingine atamletea chupa ya dawa ya kuongeza kinga, na jirani ataanza kuuliza kama ugonjwa wenyewe unaambukiza. Tafsiri hiyo inakwenda kinyume na kinachotokea mwilini mwake. Katika lupasi, C3 na C4 zikishuka, kwa kawaida ni kwa sababu kinga inafanya kazi kubwa mno, tena mahali isipotakiwa kuifanya.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa tuanze na kingamwili. Hizi ni protini zinazotengenezwa na seli fulani za kinga ili kushika kitu kimoja mahsusi: kirusi hiki, bakteria yule, sumu ile. Wakazi wa mkoa huu wana sababu ya kulifahamu jina hilo, kwani Korogwe ilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kuanzia mwaka 2009, na Bagamoyo nayo ilikuwa kituo kingine. Chanjo ile hufanya kazi, kwa sehemu kubwa, kwa kuufundisha mwili wa mtoto kutengeneza kingamwili dhidi ya kimelea cha malaria kabla hakijafika kwenye ini.

Hata hivyo, kingamwili ikishakishika kitu, kwa sehemu kubwa kazi yake yenyewe imekwisha. Inaweza kukizuia kitu hicho kisisogee au kisijipachike kwenye seli, lakini kukiua ni kazi ya wengine. Katika miaka ya 1890 mtafiti Mbelgiji, Jules Bordet, aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris, alionyesha kwamba majimaji ya damu ya mnyama aliyepata kinga huua bakteria yakiwa mabichi, lakini yakipashwa moto hadi nyuzi 56 za sentigredi hupoteza uwezo huo. Alipoyaongezea kiasi kidogo cha majimaji mabichi ya mnyama asiye na kinga yoyote, uwezo ukarudi. Maana yake ni kwamba ndani ya damu mna vitu viwili: kingamwili, ambazo zinastahimili joto hilo, na kitu kingine kinachoharibika upesi, ambacho kila mmoja wetu anacho hata kama hajawahi kuugua ugonjwa husika. Kitu hicho cha pili ndicho komplementi. Bordet alipewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1919, na leo tunajua kwamba komplementi si kitu kimoja bali ni kundi la protini zaidi ya 30, nyingi zikitengenezwa na ini, zinazozunguka kwenye damu zikiwa zimelala mpaka ziitwe.

Namna zinavyoitwa inafanana na jambo ambalo kila mkazi wa mtaa uliobanana ameliona. Usiku mtu mmoja anamshika mwingine shati na kupiga yowe la mwizi. Wa kwanza kutoka ni jirani wa karibu, naye anawaita wawili, wale wawili wanaita wengi, na kufumba na kufumbua kundi limejaa. Aliyepiga yowe ndiye kingamwili. Kundi ndilo komplementi. Kundi halifanyi uchunguzi. Halimuulizi aliyeshikwa ni nani na ametoka wapi, bali linamfuata aliyenyooshewa kidole, na ukali wake haupungui hata kama aliyenyooshewa ni mwana wa mtaa huohuo aliyekuwa akirudi kazini.

Katika damu, jirani wa kwanza kutoka ni protini iitwayo C1q, yenye vichwa sita. Vichwa hivyo hujishikiza kwenye kingamwili zilizosongamana juu ya kitu kimoja; kingamwili moja moja ya aina ya IgG iliyo peke yake haitoshi kuiamsha, ilhali ile kubwa iitwayo IgM yaweza kuiamsha peke yake ikishajishikiza vizuri. C1 (yaani C1q pamoja na wenzake inaotembea nao) ikishaamka huzikata C4 na C2, na vipande vyake huungana kuwa mkasi mpya unaokata C3. (Msomaji asishangae kwamba C4 inatangulia C2 na C3: namba zilitolewa na watafiti kabla mpangilio wa kazi haujafahamika wote.) Hapo kwenye C3 ndipo moto unapokolea, kwa sababu mkasi mmoja hukata C3 nyingi mno. Kipande kikubwa, C3b, hugandamana na uso wa seli na kuwa alama ya kuziita seli zinazomeza wavamizi. Kutoka hapo inakatwa C5: kipande chake kidogo, C5a, huzivuta seli nyeupe za damu kwa wingi na kuleta uvimbe na joto, na kile kikubwa huungana na C6, C7, C8 na C9 kadhaa kutengeneza tundu katika utando wa seli. Maji na chumvi huingia ovyo, na seli hupasuka au huumia vibaya.

Kwa kuwa silaha hizi zinatembea katika damu ya kila mtu saa zote, seli zetu zimepewa ngao. Juu ya chembe nyekundu za damu, kwenye kuta za mishipa na katika viungo vingi kuna protini zinazozivunja komplementi zilizotua kwa bahati mbaya, au kuzuia lile tundu lisikamilike. Ni kama wazee wa mtaa wanaojitokeza na kusema huyu ni wa kwetu, mwacheni. Ngao hizi zina nguvu kiasi kwamba komplementi kidogo ikitua kwenye seli ya mwili husafishwa bila madhara. Lakini yowe likipigwa na watu mia kwa pamoja, wazee wachache hawatasikika.

Ugonjwa wa kinga kujishambulia ni hali ambapo mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya sehemu zake wenyewe. Hapa niweke wazi jambo ambalo mara nyingi huachwa nje katika maelezo ya haraka: si kila kingamwili ya namna hiyo huiita komplementi. Nyingine hudhuru kwa kuzuia kazi ya kitu ilichokishika. Nyingine hufanya kinyume chake, kama katika ugonjwa wa Graves, ambapo kingamwili huibonyeza tezi ya shingoni ifanye kazi bila kupumzika mpaka moyo unakwenda mbio na mwili unakonda. Nyingine huziita moja kwa moja seli zinazomeza. Kwa hiyo kumwambia kila mwenye ugonjwa wa jamii hii kwamba tatizo lake ni komplementi ni kosa, kama ilivyo kosa kumwambia kwamba kinga yake imekwisha.

Mfano ulio bayana wa tofauti hiyo ni mayasthenia gravisi. Mgonjwa huanza kwa kope kulegea, kuona vitu viwiliviwili, taya kuchoka katikati ya chakula, sauti kufifia kadiri anavyozungumza; asubuhi ana nafuu, jioni hali inazidi. Kwa kuwa dalili huja na kuondoka, na kwa kuwa mara nyingi hana homa wala maumivu, wapo katika mwambao huu wanaoamini kwamba amechezewa au amepitiwa na jini, na miezi hupita akipelekwa huku na kule kabla hajamwona daktari wa mishipa ya fahamu. Ukweli ni kwamba pale mshipa wa fahamu unapokutana na msuli, mshipa hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli huipokea kwa vipokezi maalumu. Kwa wagonjwa takribani 85 katika kila 100 wenye ugonjwa huu ulioenea mwilini, zinapatikana kingamwili dhidi ya vipokezi hivyo. Kingamwili hizo ni za aina zinazojua kuiita komplementi, yaani IgG1 na IgG3, nayo ikija hutoboa utando wa msuli na kuzisawazisha zile kunjo laini zilizobeba vipokezi. Amri ya ubongo inafika, ila mahali pa kuipokea pameharibiwa.

Sasa tazama kundi dogo la wagonjwa wenye dalili hizohizo ambao kingamwili zao zinalenga protini nyingine, iitwayo MuSK. Nyingi kati ya hizo ni za aina ya IgG4, ambayo karibu haina uwezo wa kuiamsha komplementi. Hizi hudhuru kwa kuzuia mazungumzo kati ya mshipa na msuli, bila kundi kutoka nje. Kwa macho wagonjwa hawa wawili wanafanana, lakini dawa inayoizuia komplementi inaweza kumsaidia wa kwanza, na hakuna sababu ya kutarajia imsaidie wa pili. Ndiyo maana daktari husisitiza kujua ni kingamwili ipi, hata kama kipimo hakifanyiki katika kila maabara na sampuli inalazimika kusafirishwa.

Katika ugonjwa mwingine, uitwao nyuromailitisi optika, kingamwili hushika milango ya maji iitwayo akwaporini 4, iliyo juu ya seli zinazotunza neva ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Komplementi huziua seli hizo, na mtu anaweza kupoteza uwezo wa kuona au wa kutembea katika siku chache. Ugonjwa huu ni wa nadra, lakini huwapata watu wenye asili ya Afrika kwa kiwango kikubwa kuliko Wazungu, na kwa hiyo unastahili kufahamika zaidi hapa kwetu.

Turudi kwa mwanamke wetu mwenye lupasi. Karibu wagonjwa tisa katika kila kumi wa ugonjwa huu ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Kingamwili zao hushika vitu vya ndani kabisa ya seli, hata vinasaba vyenyewe, ambavyo humwagika kwenye damu seli zinapokufa. Kingamwili na vitu hivyo hushikamana kuwa mabonge madogo, na mabonge hayo hunasa katika vichujio vya figo, katika ngozi na katika viungo. Kila yanaponasa, C1q inaamka, C4 na C2 zinakatwa, C3 inakatwa, na figo huanza kuvuja protini na damu. Protini hizi zikishakatwa hazirudi kuwa nzima. Ini linajitahidi kutengeneza nyingine, lakini matumizi yanalishinda.

Basi fikiria mtu anayepita nyumba kwa nyumba usiku ule wa yowe akihesabu vijana. Atakuta milango iko wazi na vitanda vitupu, na akiwa mgeni ataandika kwamba mtaa huu hauna vijana. Wamo, ila wote wako kwenye tukio. Kipimo cha C3 na C4 huhesabu zilizobaki kwenye damu, na upungufu wake kwa mgonjwa wa lupasi unamwambia daktari kwamba huenda mahali fulani, mara nyingi kwenye figo, kuna fujo. Ndiyo sababu ataomba mkojo siku hiyohiyo.

Wazo hili kwamba komplementi iliyotoweka ni ushahidi wa kazi iliyofanyika si geni. Bordet na mwenzake Octave Gengou walilieleza mwaka 1901, na mwaka 1906 August von Wassermann na wenzake huko Berlin wakalitumia kutengeneza kipimo cha kaswende: waliyachanganya majimaji ya damu ya mgonjwa na dutu maalumu pamoja na komplementi ya kiasi kinachojulikana, kisha wakaangalia kama komplementi imebaki. Ikiwa imetoweka, kingamwili zilikuwapo. Baadaye ilikuja kugundulika kwamba dutu ile si ya mdudu wa kaswende, bali ni mafuta yaliyomo ndani ya seli zetu, na kwamba baadhi ya wenye lupasi wana kingamwili zinazoyashika mafuta hayo bila kuwa na kaswende kamwe. Vipimo vya uchunguzi wa awali vya VDRL na RPR bado vinatumia mafuta hayo, na kwa hiyo mama mjamzito mwenye lupasi anaweza kutoka kliniki na jibu la kaswende ambalo si la kweli, akarudi nalo katika ndoa yake. Nalisema hili kwa uzito, kwa sababu kuna kipimo cha pili, kinachotafuta kingamwili dhidi ya mdudu mwenyewe, na mama ana haki ya kukiomba kabla mtu yeyote hajamnyooshea kidole. Aina hiyohiyo ya kingamwili inaweza pia kugandisha damu na kusababisha mimba kuharibika mara kwa mara, hivyo jibu lenye utata lisiishie kwenye aibu tu, lichunguzwe.

Mpaka hapa msomaji anaweza kudhani kwamba komplementi ni adui na ingekuwa heri tusiwe nayo. La hasha. Wapo watu wachache wanaozaliwa bila C1q kabisa, na badala ya kuepukana na lupasi, wengi wao sana huipata, tena wakiwa wadogo. Sababu inayotolewa ni kwamba C1q ina kazi nyingine ya kimyakimya: kuyawekea alama mabaki ya seli zilizokufa ili yaondolewe kabla hayajaoza na kumwaga vinasaba vyake. Mabaki yakikaa, kinga huyaona, hudhani ni ya mgeni, na kingamwili zinaanza kutengenezwa. Komplementi basi inahusika mara mbili katika lupasi: ikikosekana tangu mwanzo inafungua mlango wa ugonjwa, na ugonjwa ukishaingia, kuitikia kwake yowe ndiko kunakoharibu figo. Ni jambo gumu kulipokea, na si ajabu kwamba linawachanganya hata wanafunzi wa udaktari.

Pia ziko hali ambapo C3 hushuka kwa sababu nyingine. Mtoto aliyeugua koo au vidonda vya ngozi vya bakteria wa streptokokasi anaweza, wiki chache baadaye, kuvimba uso na kukojoa mkojo wa rangi ya kahawia. C3 yake hushuka, aghalabu C4 ikibaki palepale, na kwa wengi hurudi yenyewe ndani ya wiki sita hadi nane. Mtu mwenye ini lililochoka hutengeneza komplementi kidogo. Mjamzito, kwa upande wake, hutengeneza nyingi kuliko kawaida, kwa hiyo namba inayoonekana nzuri kwa mama mwenye lupasi inaweza kuficha ugonjwa ulioanza kuchochewa. Namba moja, ikisomwa na mtu mmoja sebuleni, haiwezi kutoa hukumu.

Nikirejea zile chupa za kuongeza kinga: hakuna dawa ya kuchemsha wala kidonge cha dukani kilichothibitishwa kuirudisha komplementi iliyotumika, na hata kama kingekuwapo, kuongeza watu kwenye kundi lililokosea mtu si msaada. Kinachohitajika ni kupunguza yowe. Kwa lupasi, hilo hufanywa kwa haidroksiklorokwini, prednisoloni na dawa nyingine za kutuliza kinga, na C3 hupanda yenyewe matumizi yakipungua. Wako wanaoiacha haidroksiklorokwini wakidhani wamepewa dawa ya malaria kimakosa, kwa kuwa inafanana jina na klorokwini ambayo Tanzania iliiondoa katika matibabu ya kwanza ya malaria mwaka 2001. Hakuna makosa hapo; ndiyo nguzo ya matibabu ya lupasi. Prednisoloni nayo, ikishatumiwa kwa muda mrefu, haikatwi ghafla hata mgonjwa akijiona mzima, kwani mwili unakuwa umeacha kutengeneza homoni yake ya namna hiyo. Na kuhusu vyombo, kitanda au kunyonyesha, lupasi na mayasthenia haziambukizi hata kidogo.

Mwenye mayasthenia ana tahadhari ya ziada ambayo kila muuza duka la dawa anapaswa kuijua. Jentamaisini, siprofloksasini na kwinini zinaweza kumzidishia udhaifu mpaka akashindwa kupumua. Klorokwini na haidroksiklorokwini nazo ziko katika orodha ya kuchukuliwa kwa uangalifu, kwa hiyo dawa ya mgonjwa mmoja wa kinga kujishambulia isigawiwe kwa mwingine kwa hoja kwamba maradhi ni ndugu.

Ziko sasa dawa zinazoizuia komplementi yenyewe. Ekulizumabu, inayoishika C5 isikatwe, iliruhusiwa Marekani mwaka 2007 kwa ugonjwa mmoja wa damu, mwaka 2017 kwa mayasthenia na mwaka 2019 kwa nyuromailitisi optika. Bei yake huko ni mamia ya maelfu ya dola kwa mwaka, kiasi kisichofikirika kwa mgonjwa wa kawaida wa hapa. Lakini hata fedha zingekuwapo, dawa hiyo ina gharama nyingine inayotukumbusha komplementi iliwekwa kwa ajili gani: lile tundu la C5 hadi C9 ndilo silaha yetu kubwa dhidi ya bakteria wa meningokokasi, anayeleta homa ya uti wa mgongo. Anayetumia dawa hiyo huchanjwa kwanza, kwa kawaida angalau wiki mbili kabla, na hata baada ya chanjo, homa yoyote kwake ni ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo.

Kwa mgonjwa aliyeko Tanga leo, jambo la kufanya ni rahisi zaidi. Akienda kliniki, iwe hospitali ya Bombo au kwingine, achukue karatasi zake zote za zamani za C3, C4 na mkojo, hata zilizochakaa, na azipange kwa tarehe. Wapo watu ambao C4 yao iko chini kidogo maisha yao yote bila kuumwa na chochote kipya, na wapo ambao C3 iliyo ndani ya kiwango cha kawaida tayari imeshuka mno kulinganisha na ile ya miezi mitatu iliyopita. Karatasi ya leo peke yake haiwezi kumwonyesha daktari tofauti hiyo.